Ombi Lisilokatika

Mnanisumbua na hadithi hii kana kwamba mimi ndiye niliyelifuga hilo jini. Kila mkija mnakula, mnakunywa, mnamaliza, kisha mnajisogeza karibu na kiti changu kama paka: Bibi, tusimulie ile ya seva. Mimi seva yenyewe nilikuwa nikidhani ni ugonjwa. Shule nilikaa mpaka nikajua kuandika jina langu na kusoma hasira usoni mwa mwalimu, basi, nikatolewa. Lakini mwenye mkasa hataki kuusimulia, na binti yangu akiuanza anaishia kulia katikati, kwa hiyo nimebaki mimi nisiyejua kulia. Tulieni. Atakayecheka pasipochekesha atatoka nje.

Ilianza na ombi moja lililokataa kukatika.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, watu walimwita Fundi, ingawa sikuwahi kumwona na nyundo mkononi. Kazi yake ilikuwa kulea mitambo ya kompyuta, ndizo hizo seva, katika kituo kinachotuma magari ya wagonjwa. Mtu akizidiwa nyumbani, anabonyeza kwenye simu, ombi linaruka hewani mpaka kituoni, mtambo unatafuta gari lililo karibu, dereva anaelekezwa. Asubuhi moja Fundi akaona kwenye kioo cha kompyuta yake ombi linangoja. Hapo hakuna ajabu, maombi yote hungoja. Ajabu ni kwamba lilikuwa limengoja kupita muda unaoruhusiwa. Likipita muda huo mtambo hulikata wenyewe, huo ndio utaratibu, na utaratibu aliuweka yeye. Akalikata kwa mkono. Likarudi. Akatazama limetoka simu gani. Mahali pa namba palikuwa patupu. Akauzima mtambo mmoja, akahamishia kazi kwenye wa pili, na wa pili ulipoamka tu, kabla mtu yeyote hajabonyeza chochote, ombi lilikuwa limeshakaa pale, linangoja.

"Ni kasoro ya programu," akawaambia wenzake.

Lakini alikuwa akifuta viganja kwenye suruali.

Sasa ngoja niwaeleze kuhusu kungoja huko, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima anatokwa jasho kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kioo. Siku moja namenya viazi nilimwambia Fundi anieleze kazi yake kama anamweleza mbuzi. Akasema, "Mama, chukulia ofisi yenye madirisha machache, kila dirisha lina karani. Ombi likifika linashika dirisha mpaka lijibiwe. Watu wakiwa wachache, mambo shwari. Wakija wengi kwa mpigo, madirisha yote yanajaa, waliobaki wanasimama nje. Simu imeambiwa ingoje kitambo. Kitambo kikiisha hujajibiwa, inakwambia, ombi limekatika, jaribu tena."

"Na ukijaribu tena?"

"Unaanza upya mwisho wa foleni. Na foleni unairefusha."

"Huo si mtambo," nikamwambia, "hiyo ni hospitali ya serikali."

Akacheka. Wakati ule bado alikuwa anacheka.

Alichokifanya nilikuja kukijua baadaye, lakini nawaambia sasa kwa sababu sina subira ya kufichaficha. Makarani wale walikuwa wakichelewa kwa sababu wote walimtegemea mmoja wa nyuma, anayesoma ramani, na huyo alikuwa mzito. Dawa ilikuwa kuufungua mtambo wote na kumtengeneza huyo wa nyuma. Kazi ndefu, ya kuchosha, isiyo na sifa. Mkubwa wao wa kazi alitaka mambo yaonekane mazuri upesi, wakaguzi walikuwa wanakuja. Basi Fundi akafupisha muda wa kungoja. Anayejibiwa haraka, sawa. Anayekawia, anakatwa. Kisha akauambia mtambo usiwahesabu waliokatwa. Wakabaki kwenye hesabu wale waliojibiwa haraka tu, na kioo kizima kikawa kijani kama shamba la mchicha. Wakaguzi wakafurahi. Fundi akapandishwa cheo, akapewa kiti kinachozunguka.

Halafu ikaja ile mvua. Ukuta wa kiwanda cha sabuni uliwaangukia watu, na mji mzima ukabonyeza simu kwa wakati mmoja. Mtaa wa nyuma kabisa, mbali na kiwanda, mke wa fundi bati mmoja alikuwa katika uchungu wa kuzaa, anavuja damu. Mumewe akabonyeza. Limekatika, jaribu tena. Akabonyeza. Limekatika. Alibonyeza amesimama nje mvuani ili apate mtandao mzuri, akabonyeza mpaka simu ikaingia maji ikazima. Walipopata mkokoteni wa kumbebea mama yule, hakukuwa tena na wa kuwahishwa. Mama na kichanga wakazikwa pamoja.

Kabla hawajazikwa, yule fundi bati alikuja kituoni na simu yake mbovu mkononi. Fundi ndiye aliyetoka kuonana naye getini.

"Kaka," akasema, "niliomba gari. Niliomba, niliomba. Hamkunijibu."

Fundi akaingia ndani kama anayekwenda kutazama. Hakutazama kitu. Alisimama ukutani, akahesabu pumzi zake, akatoka.

"Pole sana, ndugu yangu. Kwetu hapa hakuna ombi lako. Pengine ulibonyeza vibaya."

Maneno hayo tu. Yakafika kwa wakwe wa fundi bati kabla hajafika yeye. Wakasema ulikuwa unagonga mabati yako huku binti yetu anakufa, hata kubonyeza simu hukubonyeza, na kituo chenyewe kimesema. Wakamfukuza msibani, mbele ya jeneza la mkewe.

Fundi alijua. Ndiyo maana alifuta viganja.

Sasa kituoni kulikuwa na dada mmoja mpokea simu, wenzake walimwita Sikio kwa sababu aliweza kutambua mtu analia hata kama anacheka. Huyo ndiye wa kwanza kusikia. Alivaa visikizi vyake masikioni, akavivua, akavitazama, akavaa tena, kisha akamwita Fundi kwa kidole.

"Vaa hivi."

"Kuna nini?"

"Vaa tu. Na usiniulize."

Fundi akavaa. Hakukuwa na mtu anayesema. Kulikuwa na mvua, mvua nzito inayopiga juu ya bati, na nje jua lilikuwa linawaka hata lami inanuka. Na chini ya mvua hiyo kulikuwa na sauti ndogo, kavu: tk. Tk. Tk. Ukucha juu ya kioo. Mtu anabonyeza.

"Laini hii ya nani?" Fundi akanong'ona.

"Hakuna laini," akasema Sikio. "Nimeichomoa waya tangu asubuhi."

Kuanzia hapo kile chumba cha mitambo kikaanza kunuka maziwa yaliyoungua. Chumba chenyewe hakina dirisha wala jiko, mchana na usiku ni mamoja, kuna baridi ya mashine tu na taa ndogondogo zinazopepesa. Wakaita mafundi wa hewa, wakasafisha matundu, wakapuliza manukato ya kopo, pakanuka maziwa yaliyoungua yenye waridi. Lile ombi bado lilikuwa juu ya kioo. Fundi alipolitazama, kando yake likatokea la pili. Halafu mengine. Hayana namba, hayakatiki, yamepangana wima kama watu waliosimama kwenye foleni bila kusukumana, bila kunung'unika, na wanaokutazama.

Mngefikiri angekiri. Hakukiri. Alibadilisha rangi ya kioo ili asiyaone.

Jini likiona umelifungia mlango wa ofisini linakufuata nyumbani. Binti yangu na Fundi wana mtoto mmoja, msichana, tulimwita Kiroboto kwa sababu hakuna kochi alilolikalia bila kulirukia kwanza. Alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Jioni moja niko kwao, nikamwita kutoka jikoni.

"Kiroboto!"

Kimya. Nikamenya kitunguu, nikakikata. Ndipo, "Abee, Bibi!"

Nikasema mtoto ana michezo. Kesho yake nikamwita, nikamenya kitunguu, nikakikata, nikakitia mafutani, kikaanza kubadilika rangi. "Abee, Bibi!" Anakuja mbio, uso unang'aa kwa furaha, kama aliyeitwa sasa hivi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

Akanitazama. Akaendelea kunitazama. Nikageuza kitunguu. "Hapo mezani, Bibi, nachora."

Meza iko hatua chache kutoka jikoni.

Tukampeleka kwa daktari wa masikio. Akamchungulia huku na huku, akampigia kengele, akasema masikio haya ni mazima kuliko yangu. "Pengine ana ukaidi." Nikamwambia daktari, ukaidi naujua, nimeuzaa na kuuozesha, huu sio.

Kila siku jibu la mtoto lilikawia zaidi. Umwambie nawa mikono, anasimama anakutabasamia, mpaka umekata tamaa umekwenda zako, ndipo unasikia maji yanamwagika. Umwambie lala salama, unazima taa, unafunga mlango, umefika sebuleni, ndipo kutoka gizani sauti inasema, "Na wewe lala salama." Na kwenye kioo cha dirisha lake, kila jioni, tk. Tk. Tk. Binti yangu alikata matawi ya mti uliokuwa karibu. Nikamwambia mwanangu, umeuonea mti wa watu.

Fundi alikuwa ameacha kula. Nilimkuta amesimama nyuma ya mtoto na saa mkononi. Anamwita kwa sauti ya chini, anatazama saa.

"Unapima nini?" nikamuuliza.

Akashtuka kama mwizi. "Hakuna, Mama."

"Mtoto si mtihani. Unapima nini?"

Hakunijibu. Na huyo hakuwa na jini, alikuwa na haya tu.

Siku moja mchana kweupe alikwenda kumchukua shule. Kiroboto akamwona baba yake ng'ambo ya barabara, akaachia mkono wa mwalimu, akaanza kuvuka huku anaruka kama kawaida yake, na Fundi akaliona lori la kokoto linashuka mteremko, akapiga ukelele, "Simama! Kiroboto, simama!", na mtoto yule anayetii akaendelea kuja, anatabasamu na pengo lake, begi linamdunda mgongoni, na lori likalia breki likapinda likapanda ukingo likasomba meza ya muuza matunda, na machungwa yakabiringika barabara nzima, na mtoto akayapita machungwa, akampita dereva wa lori, akafika kwa baba yake, akamshika mkono, wakatembea mpaka kwenye kona, wakapinda, na hapo penye kona, pasipo na gari wala hatari yoyote, Kiroboto akasimama ghafla kama aliyepigwa msumari.

"Nini, mwanangu?"

Ilichukua muda.

"Umeniambia nisimame, baba. Nimesimama."

Fundi akaja moja kwa moja mpaka kwangu, hakupita hata kwa mkewe. Akapiga magoti mlangoni na viatu vyake. Akanieleza yote niliyokwisha kuwaeleza. Wakaguzi, kijani, kiti kinachozunguka, getini.

"Na saa ile unampimia nini mtoto?"

"Muda wa jibu lake, Mama. Unaelekea kwenye ule muda niliouweka kituoni. Kila siku unaukaribia. Ukiufikia..."

"Ukiufikia nini? Sema, mdomo ni wako."

"Ukiufikia, mtambo unakata."

Nilimpiga kofi. Sijuti, na yeye hakuuliza kwa nini. Kisha nikavaa kanga yangu ya kutokea, nikamshika mkono, tukaenda kumtafuta rafiki yangu Mwoshaji.

Mwoshaji huyo aliosha maiti wa mji mzima kwa miaka mingi, mwanamke mnene, mwenye kikohozi, asiyeogopa chochote ila panya. Mambo ya majini aliyajua kama ninyi mnavyojua bei ya vocha. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Marehemu umemwota?"

"Hapana," akasema Fundi.

"Vizuri. Basi hayumo. Yule mama nilimwosha mimi mwenyewe, na mwanawe, walikwenda salama. Hili ni jini la mlangoni. Hukaa pale watu wanapoita wasijibiwe, hula hapo. Zamani lilikuwa linakonda, watu walikuwa wanajibiana. Wewe umelijengea nyumba ya baridi yenye taa."

Tukaenda kituoni sote, saa ya chakula cha mchana. Mlinzi akatuzuia getini.

"Bibi, huku haingii mtu bila kitambulisho."

"Nitakuosha na wewe siku moja, mwanangu," Mwoshaji akamwambia kwa upole. "Bora tuanze kujuana vizuri."

Akafungua lango hadi mwisho.

Kwenye chumba cha mitambo harufu ya maziwa ilikukaba koo. Sikio alikuwa mle, amekwisha kuchomeka visikizi, macho mekundu. Mwoshaji akamkalisha Fundi kwenye kiti chake kinachozunguka, akasimama nyuma yake, akakishika kisizunguke.

"Ondoa ule muda wa kungoja. Wote. Pasiwe na kukatwa."

Fundi akaandika, vidole vinamkosea. Kwenye kioo kilichokuwa kijani ikaanza kushuka mistari juu ya mistari, maombi yasiyo na namba, yale yote yaliyotupwa tangu alipofupisha muda.

"Sasa jibu la kwanza. Na sikiliza, Fundi. Atakayekata laini asiwe wewe. Hata akisema nini."

Akavaa visikizi. Sisi hatukusikia ila kidogo, kama redio ya jirani. Kilichosemwa alitusimulia mwenyewe. Kwanza ilikuja mvua, kisha ukucha, tk, tk, na ukucha ukaacha, na ikaja sauti ya Kiroboto, sauti yenyewe ya pengo, ikisema baba nimekuita mbona hujibu, baba niko mlangoni, baba kuna maji, na Fundi akaanza kulia anataka kuvivua vile visikizi na Mwoshaji akamkandamiza mikono kwa mikono yake iliyozoea wasiotaka kugeuzwa, na taa zote za mashine zikaacha kupepesa zikakodoa, na mafeni yakasimama, na katika kimya kile sauti ikawa si ya mtoto tena, ikawa si ya mwanamume wala mwanamke, ikawa sauti ya kitu kilichokaa mlangoni muda mrefu mno mpaka kimefanana na mlango, ikauliza, taratibu, kama karani:

"Niliita au sikuita?"

"Uliita," akasema Fundi.

"Sikusikii."

"Uliita! Uliita, niliwakata mimi, nilikuwa najua!"

"Usiniambie mimi. Waambie waliosikia uongo wako."

"Nitawaambia. Mwache mtoto."

Mwoshaji akaanza kusoma dua chini kwa chini, kikohozi kinamkatiza.

"Nitakwenda," ikasema. "Lakini nimengoja sana, na anayengoja hatoki mikono mitupu. Nitachukua jibu moja."

"Chukua chochote changu."

Mwoshaji alimpiga begani, "Usiseme chochote! Taja! Taja unachotoa!", lakini alikuwa amekwisha kusema. Kwenye visikizi pakasikika mlio mfupi, wa simu iliyokatwa upande wa pili. Mafeni yakaamka. Mistari ikaondoka mmoja mmoja mpaka kioo kikabaki cheusi, na harufu ikatoka kama iliyofunguliwa mlango.

Jioni ile ile Fundi alikwenda kwa wakwe wa fundi bati. Tulikwenda naye, nilitaka kuhakikisha. Akamwomba baba wa marehemu amwite na yule mkwe waliyemfukuza, akangoja uani mpaka akaja, na mbele ya wote akasema mtu huyu aliita. Aliita mpaka simu yake ikafa, na mimi ndiye niliyemkata, na mimi ndiye niliyesema hakuita. Baba wa marehemu hakumpiga. Aliingia ndani akafunga mlango, na tukasikia kilio chake. Fundi bati alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Mama mkwe wake akaenda akakaa kando yake. Hakuna aliyetuaga.

Kazi akaipoteza. Mkubwa wake aliapa kwamba hakuwahi kumwagiza chochote. Kesi ikaja, Fundi akafungwa, akatoka amekonda. Hayo yote aliyachukua kimya, maana malipo yenyewe yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa.

Usiku ule ule tuliporudi kutoka kwa wale wakwe nilikuwa nimesimama mlangoni, sijavua hata viatu, nikaita, "Kiroboto!"

"Abee, Bibi!" Hapo hapo, kabla sijafunga mdomo.

Mama yake akamwita. "Abee, mama!" Akaja anaruka. Binti yangu akakaa sakafuni akacheka na kulia pamoja. Mwoshaji akamwita, akaitikiwa. Hata jirani aliyechungulia dirishani akamwita, akaitikiwa.

Fundi akamwita.

Akamwita tena. Akasogea, akachuchumaa mbele yake, akamshika mabega, akalitaja jina lake polepole, kisha kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mtoto alikuwa anamtazama mdomo kwa makini, kama mtu anayetazama samaki. Tulingoja. Mimi nilimenya kitunguu kizima kichwani mwangu, na kingine, na kingine.

Leo Kiroboto ni mwanamke mwenye watoto wake, na anasikia hata sindano ikianguka, na akimwona baba yake anamkumbatia na kumwekea chakula. Sauti ya baba tu ndiyo haimfikii mpaka leo. Usiku ule alimpapasa shavu kwa kiganja, akamsogezea uso, akamuuliza kwa huruma:

"Baba, mbona siku hizi husemi?"